Chaneli ya Makapi

Mwalimu wa chekechea, mteja wao wa miaka nenda rudi, aliingia kwenye duka la ushonaji la Baba, akachukua kitambaa chake ambacho hakijaguswa na mkasi, akakikunja kwapani. "Nitakuletea siku nyingine, mzee," akamwambia Baba bila kumtazama. Baba akabaki na futi shingoni. Dada, binti yake mkubwa, akamfuata mwalimu hadi nje, na mwalimu, kwa aibu, akamwonyesha simu.

Kwenye simu, Baba alikuwa amekata shati lenye mikono miwili ya kushoto. Anaigeuza, anaipima, anauliza, "Ule wa kulia kauchukua nani?" Vicheko vya kubandika vikafuata. Chaneli inaitwa Fundi Kasahau.

Dada alihisi damu inachemka. Kipande kile alikikata mwenyewe wakati wa kuhariri. Kwenye chaneli yao, ile ya heshima, Baba hufundisha ushonaji, na kila aliposahau, Dada alikiondoa kipande hicho kimyakimya na kukitupa kwenye folda aliyoiita Makapi. Mwaka mzima anamsitiri baba yake, kumbe kuna jogoo anadonoa makapi.

Jogoo mwenyewe ni mdogo wake, mpiga picha wao, anayejiita Mkurugenzi ingawa hajawahi kuongoza hata foleni. Dada alimkuta chumbani anachana nywele.

"Fundi Kasahau ni ya nani?"

"Dada, kaa kwanza."

"Sijaja kukaa."

"Basi sikiliza. Kila mwenye akili ana chaneli mbili. Ukichanganya mafunzo na vichekesho, waliokuja kujifunza wanakimbia. Halafu moja ikifungiwa, unayo nyingine."

"Mshika mbili moja humponyoka. Leo katuponyoka mwalimu."

"Si nilimziba Baba macho kwenye video?"

"Ukaacha ndevu, duka na bango lenye namba ya simu. Ulikuwa unamficha Baba au macho?"

"Watu wanampenda, Dada. Soma maoni."

"Nimesoma. Mmoja anauliza kama mzee bado anakumbuka njia ya chooni. Huyo naye anampenda?"

Mkurugenzi akainamia kitana. Hapo ndipo walipomwona Baba mlangoni.

"Nionyesheni," akasema.

Video ya kwanza akaicheka. Ya pili akatabasamu. Ya tatu alikuwa anamwita Dada kwa jina la marehemu mama yao, anamwomba chaki, na vicheko vinamwagika juu yake.

"Hapa wanacheka nini?"

Mkurugenzi akanyoosha mkono kuizima simu; Baba akaisogeza mbali.

"Mambo haya yameanza lini?"

"Mwaka sasa, Baba," Dada akasema.

"Na wewe ulijua." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwaka mzima nakata nguo za watu, mmoja ananificha, mwingine ananiuza. Mimi ndani ya nyumba hii ni nani, mwanasesere?"

Dada alikuja na hasira za kumtosha mdogo wake. Sasa nusu ya hasira hizo ilimgeukia yeye mwenyewe.

"Lete kamera," Baba akamwambia Mkurugenzi. "Wateja wangu nitawaambia mwenyewe."

Mkurugenzi akainuka upesi, kama aliyesamehewa. Dada akamkamata ukosi, akamkalisha.

"Wewe futa kwanza."

"Zote? Ndiyo kwanza chaneli inapanda."

"Moja moja. Nakutazama."

Video zilikuwa tisini na nne. Baba alisubiri, na Dada hakuuachia ukosi hadi ya mwisho.