Joto Lililopandishwa na Maji

Dhara aliegemeza kichwa ukutani, macho yakimwasha kama yaliyotiwa pilipili. Chini, dukani, cherehani ya mama yake ilikuwa ikikimbia na kusita. Juu, kwenye kompyuta, majaribio yote ya programu yake yalikuwa yamepita tena. Laiti moja lingeshindwa, angejua pa kushika.

Simu ikalia. Alikuwa Ferdinandi, rafiki yake tangu chuoni, aliyeko kwao Kiwangwa na mashine ya kutotolea vifaranga iliyojaa mayai ya mama yake, mama Clara.

"Mhandisi, tule ya kuchemsha au ya kukaanga?"

"Usinichokoze, Ferdi. Kipimajoto kinasemaje?"

"Arobaini, na kinapanda. Skrini inasema thelathini na moja, kwa hiyo hita inawaka tu. Tangu juzi nachomoa waya, nachomeka waya. Nikisinzia, mayai yamekwisha."

Mashine ile iliendeshwa kwa lugha aliyoitunga yeye, ili Mswahili aiamuru kompyuta kwa Kiswahili: kama, rudia, simama. Kompaila, yaani programu inayogeuza maneno hayo kuwa amri za mashine, aliiandika mstari kwa mstari. Wenzake walimcheka. Ferdinandi peke yake ndiye aliyesema, "Mimi nitaitumia."

"Hewa imekauka humu, naongeza maji kwenye trei," alisema sasa. Maji yakasikika yakimiminika, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Njoo uone maajabu. Nimetia maji, skrini imeruka mpaka arobaini na tano, hita imezima. Tangu lini maji yakapandisha joto?"

Dhara akakaa wima.

"Hilo si joto, Ferdi. Huo ni unyevu!"

Akafungua sehemu ya kompaila inayogawa nafasi. Kila namba hupewa chumba chake kwenye kumbukumbu, kwa mfuatano: saa, joto, unyevu. Kwenye kompyuta yake chumba kina upana wa baiti nane. Kwenye chipu inayoendesha mashine ya Kiwangwa, nne. Naye alikuwa ameandika nane, basi. Kompaila ilihesabu nane kuutafuta mlango wa joto, ikaupita, ikabisha kwa jirani. Majaribio ya hapa mezani yangeshindwaje? Alimshonea mwenzake gauni kwa vipimo vyake mwenyewe, kisha akalijaribu yeye.

"Nipe muda. Kompaila inatakiwa iulize kwanza ni chipu gani, ndipo..."

"Dhara. Ukiifanya hiyo nane kuwa nne, mayai yanapona?"

"Yanapona. Lakini hicho ni kiraka. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kitavurugika."

"Kompyuta yako inataga?"

Hakuna alichokichukia kama viraka. Akaandika nne, akamtumia programu mpya.

Ferdinandi akaipakia. Wakasubiri.

"Thelathini na saba na nusu," alisema hatimaye. "Skrini na kipimajoto vinasema neno moja." Kisha hakusema tena.

"Ferdi?"

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mama yake Ferdinandi. "Amelala, mwanangu. Hapa hapa, juu ya gunia la pumba."

"Shikamoo, mama Clara."

"Marahaba. Nimemulika mayai matatu kwa tochi. Mawili yanacheza ndani."

"Na la tatu?"

"La tatu halichezi. Nawe kalale."

"Nitalala, mama."

Akaendesha majaribio. Skrini nzima ikawa nyekundu: yote yameshindwa. Dhara akasogeza kiti, akaanza kuzitafuta nane zote zilizobaki kwenye kompaila, moja baada ya nyingine, ili iulize chipu kwanza.