Na Mwandishi Wetu

Ufadhili wenyewe ulikuwa na jina refu kuliko chumba ulimofanyikia: Ufadhili wa Uhariri wa Habari za Mazingira kwa Vijana wa Jamii za Asili. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la shemeji yake Abdulmajidi, Singida mjini, na ndani yake mlikuwa na kompyuta moja, feni isiyozunguka na vijana watatu waliochaguliwa kwa miezi sita. Huo ulikuwa mwaka 1998, enzi ambazo kila aliyejua kuandika barua ya maombi alikuwa ameanzisha gazeti. Abdulmajidi alikuwa na la kwake, la kila wiki, na ndiye aliyewaandikia wafadhili wa Ulaya mpaka wakakubali. Katika barua ile alijisifu, kama watu wanavyojisifu kwenye barua hizo, kwamba kwa karibu miaka thelathini hakuwahi kuandika jambo asilolishuhudia.

Kati ya wale watatu, Martha ndiye aliyemfanya Abdulmajidi, mzee mzima, aone raha kuamka asubuhi. Alikuwa Mhadzabe wa bonde la Sengere, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Iguguno, aliyesomeshwa na kanisa hadi kidato cha nne. Mfupi, mpole wa sauti, na kalamu yake haikuwa na huruma hata kidogo. Aliwahi kuichukua habari ya ukame ya mwenzake Gabrieli, kurasa nne, akaipunguza ikabaki ukurasa mmoja. Gabrieli alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimletea nyingine aipunguze.

"Huyu binti tumeletewa na Mungu," Abdulmajidi alimwambia mkewe, na hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Sasa kulikuwa na jambo. Ijumaa ile kamati ya ardhi ya wilaya ingekaa Kiomboi kuamua kama bonde la Sengere lipewe kampuni moja ya alizeti. Kampuni ilisema ni pori tupu, halina mwenyewe. Tena haikungoja jibu. Ilikwishaingiza tingatinga na kuangusha mibuyu kumi na mmoja, ikaita majaribio. Martha ndiye aliyepewa ukurasa mzima wa mazingira wa juma lile auhariri mwenyewe. Gazeti lingetoka Alhamisi, siku moja kabla ya kikao. Kama ukurasa ungekuwa na nguvu, ndugu zake wangesikilizwa. Kama ungekuwa dhaifu, mwaka ujao mama zake wangechimba mizizi kwa kuibia kwenye shamba la mtu.

Alirudi kutoka Sengere Jumatano mchana, vumbi mpaka kwenye kope, akatoa kwenye kikapu vijiti vinne vilivyochongwa ncha na kuvipanga mezani.

"Shikamoo, mzee. Hivi ni vigingi vya kupandia asali. Kwetu mbuyu haukumbatiki, kwa hiyo mtu anapigilia kigingi, anakanyaga, anapigilia kingine juu yake, mpaka afike kwenye nyuki. Havitolewi. Anayekuja baadaye anapanda kwa vya babu yake na kuongeza vyake. Hivi nimeving'oa kwenye mti ulioangushwa. Tazama."

Viwili vilikuwa vyeusi, vikavu, vya miaka mingi. Cha tatu kilikuwa cha kijivu. Cha nne kilikuwa na gamba bichi bado.

"Hiki cha mwaka huu," Martha alisema. "Nimeihesabu mibuyu yote kumi na mmoja, mzee. Hakuna hata mmoja usio na kigingi kibichi. Pori tupu linapandaje miti?"

Abdulmajidi alicheka kwa furaha, akapiga meza. Katika maisha yake ya kalamu hakuwahi kuletewa ushahidi mzuri namna ile, na alimwambia hivyo hivyo bila kuficha.

Martha hakucheka. "Watasema tumevipigilia jana. Kamati inaamini karatasi, na kampuni wanayo. Wakala wao kanipa nakala mwenyewe, kwa majivuno."

Ilikuwa nakala ya kipande cha gazeti la zamani, la mwaka 1975, wakati watu walipohamishiwa vijijini. Juu paliandikwa Na Mwandishi Wetu. Abdulmajidi alisoma mstari wa kwanza. "Pori la Sengere limebaki tupu kabisa; waimbao humo sasa ni ndege peke yao." Ule wa ndege aliutunga yeye. Aliupenda sana wakati ule.

"Kampuni wameshikilia hiki," Martha alisema. "Wanasema watu walikwishaondoka siku nyingi na gazeti lilishuhudia. Mimi bibi yangu ananiambia hawakuondoka hata siku moja. Nikimpata aliyeandika, nikamuuliza aliona nini, karatasi yao inakwisha. Lakini huyu Mwandishi Wetu nitampata wapi?"

"Anaweza kuwa yeyote," alijibu Abdulmajidi, na akaaga kwenda kuswali alasiri.

Msikitini alisahau yuko rakaa ya ngapi. Alikuwa anajiona yuko Iguguno, kijana wa miaka ishirini na tisa, mvua inamwagika, gari la serikali limenasa, naye katibu tarafa anamwambia, "Ya nini kuhangaika? Kule hakuna mtu, wote wamehama." Wakaletewa kuku. Akaandika habari nzima hapo hapo mezani, vidole vina mchuzi. Basi. Mtu wa kumshtaki hakuwepo, kwa kuwa jina halikuwepo. Akijitaja leo, wafadhili watasoma, ile barua ya majigambo wanayo, na ufadhili hautaongezwa. Vijana wengine kama Martha hawatakuja. Alijipa sababu hiyo, akaiona ni nzuri, kisha akaona aibu kwa jinsi alivyoiona nzuri.

Aliporudi, ukurasa ulikuwa tayari. Picha ya kigingi kibichi katikati, maneno machache, kila moja limekaa mahali pake. Yeye alitakiwa kutia sahihi tu ili uende kiwandani kuchapwa. Mwisho kabisa, Martha alikuwa ameandika: "Gazeti hili lilimtafuta mwandishi wa habari ile ya mwaka 1975, halikumpata." Chini yake jina lake, ambalo lingechapwa kama la mhariri kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Abdulmajidi aliutazama ule mstari. Uongo wa zamani ulikuwa wake peke yake. Huu mpya angemtwika binti asiyejua, juu ya jina lisilo na doa. Hilo lilimshinda.

"Futa mstari wa mwisho," alisema.

"Una kosa, mzee?"

"Una kosa. Kaa, chukua daftari. Mwandishi Wetu ni mimi."

Martha hakupiga kelele wala hakumpa pole. Alivuta kiti, akafungua ukurasa mpya, akamuuliza jina lake kamili.

Ijumaa, Kiomboi, mwenyekiti wa kamati alilinyanyua gazeti na kuuliza kama huyo aliyetajwa yupo. Abdulmajidi alisimama na koti lake la sikukuu. Alieleza mbele ya watu wote: sikufika Sengere, mvua ilinizuia, niliandika nikiwa Iguguno, nikaandika nilichoambiwa. Wakala wa kampuni alianza kusema kitu akaambiwa anyamaze. Karatasi ile ya mwaka 1975 iliondolewa kwenye faili, na kamati ikaamua kwamba haitagawa ardhi mpaka iende ikalione bonde kwa macho yake.

Watu walipoanza kupumua, bibi yake Martha, aliyekaa sakafuni karibu na mlango, alisema neno kwa Kihadza. Martha aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akamtaka atafsiri.

"Samahani, mzee," Martha alimwambia Abdulmajidi. "Bibi anakushukuru kwa kusema. Halafu anauliza, hiyo mvua iliyokuzuia ilikatika lini?"