Sauti ya Pili kwa Mzee Kitahara

"Mama Ndeshi, hivi muziki wa michezo ya kompyuta nao ni kazi ya kumtolea Mungu shukrani?" Jirani yangu Mama Kileo aliniuliza hivyo mwaka jana, tukitoka kanisani siku niliyotoa sadaka ya shukrani kwa kazi ya binti yangu.

Usiku wa kuamkia leo niliota. Jioni yake binti yangu Ndeshi alikuwa ameniambia kwamba wimbo alioagizwa na watu wa michezo ya kompyuta umemkatalia wiki tatu, na asipoupeleka leo ataacha kutunga, aende kuuza dukani kwa shemeji yake. Nikasali, nikalala.

Ndotoni niko mazoezi ya kwaya. Nafungua mlango wa kanisa, natokea Japani. Sikushangaa, nilikuwa nimevaa viatu vizuri.

Chumba ni kidogo kama stoo. Mzee Kitahara, yule mtunzi wa muziki wa michezo ambaye Ndeshi amebandika picha yake juu ya kitanda, ameketi anaimba besi polepole. Mezani kuna mashine ya mchezo ya kijivu. Ukutani kuna ubao na saa inayogonga.

"Shikamoo, mama," mashine inasema.

"Marahaba." Saa ikanyamaza.

"Usijali," mashine inasema. "Humu zinaruhusiwa sauti tatu tu. Wa nne akifungua mdomo, mmoja wetu ananyamaza. Mashine kama mimi hatutoi zaidi ya hizo kwa pamoja, na Mzee ametunga hivyo maisha yake yote."

Mzee ananimiminia chai, anasimulia. Alizaliwa nyuma ya duka la dobi. Kinanda hawakuwa nacho. Alijifunzia cha shule, kwa makubaliano ya kukifuta vumbi kila asubuhi. Kampuni ya michezo ikampa, ndani ya mashine, nafasi ndogo kuliko ubeti mmoja, naye akaingiza humo bahari, vita, na watu kurudi nyumbani. Akimaliza, ananimiminia chai tena: alizaliwa nyuma ya duka la dobi. Mashine inaniambia ndivyo ulivyo muziki wa mchezo, unajirudia mpaka mchezaji avuke hatua. Nilikunywa vikombe vinne, kwa heshima.

Dirishani wanapita watoto wa dunia nzima wakiimba nyimbo zake, wala hawajui jina lake. Wa mwisho ni Ndeshi wangu, miaka saba, sare imechanika kwapani.

"Huyo namfahamu," Mzee anasema. "Wenzake walikimbilia kuvuka. Yeye alisimama, akakubali kuliwa na majini ya mchezo, ili ausikie wimbo wote."

Ni kweli. Watoto walimcheka, na mimi nilidhani hajui kucheza. Nikakaa vizuri kitini kama mama wa bibi harusi.

"Sasa wimbo wake una shida gani, Mzee?"

"Juu pako sawa, chini pako sawa. Katikati patupu. Na mimi sikulelewa kwenye kwaya."

Nimeimba sauti ya pili, ile ya katikati, miaka thelathini na nane. Nikashika chaki, nikaandika noti ubaoni kwa herufi, kama mwalimu wetu wa kwaya anavyotuandikia. Mashine ikashika juu, Mzee akashika chini, nami nikaimba katikati. Nikasubiri saa inyamaze. Saa iliendelea kugonga. Aliyenyamaza ni Mzee, kunipisha, kichwa amekiinamisha.

Nikaamka. Vidole vyangu vina vumbi la chaki, na nyumbani kwetu hakuna chaki.

Ndeshi alikuwa mezani, uji wake umepoa. Nikamwimbia ile sauti bila maelezo. Kijiko kikabaki hewani.

"Mama, rudia."

Nikarudia. Akaniangalia vidole, akaniangalia usoni. Kisha akakumbatia kompyuta yake, akatoka kwenda kuumalizia wimbo wake, ile sauti mdomoni.