Mipeasi Miwili ya Ikiring

Watu wa Kwapa walipoutaja mkono wa Oriokot walishusha sauti, kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki. Mkono huo uliwahi kumvunja mtu taya kwenye chungu cha pombe, kisa kugombea mrija wa kunywea. Uliwahi kumpiga ng'ombe wa plau hadi akalala katika mtaro asiinuke tena. Mke wake wa kwanza alirudi kwao Mulanda na jino lake amelifunga katika kitambaa. Lakini mkono huohuo ndio uliochimba kaburi la kaka yake, Ikiring, kutoka juu hadi chini, mvua ikinyesha, akikataa kusaidiwa na mtu. Apio, mjane wa Ikiring, hakulisahau hilo.

Wala Apio hakuuogopa mkono wa shemeji yake. Aliogopa kwamba mwanawe wa pekee, Osborn, alikuwa ameurithi.

Osborn alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mvunja mawe huko Tororo. Kila Jumamosi alikuja kwa baiskeli na sukari ya mama yake mfukoni. Mpole, hata kuku hawakumkimbia. Ila siku moja, akiwa na miaka kumi na minne, alimkamata mbwa akila mayai. Akampiga kwa mchi. Mbwa akanyamaza, naye akaendelea kupiga. Apio alimshika kiuno, akamwita jina mara tatu, na macho ya mtoto hayakumwona. Tangu siku ile Apio alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, asubuhi na jioni: mkono wa mwanangu usije ukaua mtu.

Sasa habari ya mipeasi. Ikiring alifanya kazi miaka mingi katika bustani ya matunda ya mzungu mmoja upande wa Kitale. Mwaka wa hamsini na nane alirudi nyumbani kwa treni, akashuka Tororo na miche miwili iliyofungwa katika gunia bichi, ameikumbatia kama watoto wenye homa. Aliipanda nyuma ya jiko, hatua sita kati ya mmoja na mwenzake.

"Huu wa majani mapana na huu wa majani membamba ni makabila mawili," alimwambia mkewe. "Mmoja hauzai bila mwenzake. Nyuki ndio washenga wao. Usije ukakubali watenganishwe."

Alimfundisha kukata matawi, kuyavuta chini kwa mawe yaliyofungwa kamba, na kubebesha: kuchukua kijiti cha mti mmoja, kukichongoa, kukichomeka katika ufa wa mti mwingine na kukifunga kwa ganda la mgomba hadi kishike. Apio alicheka alipoliona hilo mara ya kwanza. Kumbe hata mti hubeba mtoto wa mwenzake mgongoni! Mwaka wa uhuru kifua kikamchukua Ikiring, hajaona hata ua moja.

Ikafika sitini na tano. Miaka saba, majani tu. Oriokot akaanza kuipigia hesabu ile sehemu ya shamba.

"Mti usiozaa ni mgeni anayekula na halimi," alisema. "Ng'oa, nipande pamba."

"Kwanza utishwe, shemeji," Apio akajibu. "Hata mtoto haadhibiwi kabla ya kuonywa."

Hilo Oriokot hakuweza kulikataa, maana ndiyo desturi waliyokulia nyumbani kwao. Mti mkaidi hutishwa. Mwanamume wa ukoo huja na panga, huugombeza, huuchanja magome kidogo, kisha huinua panga kana kwamba anaukata. Mwanamke wa boma hukimbia akaukumbatia na kuuombea: "Niachie huyu. Ni wangu. Atazaa mwakani." Mara tatu mwanamume huinua, mara tatu mwanamke huomba, kisha panga hurudi na watu hucheka na kunywa. Lakini ombi la tatu lisipotoka, panga halirudi. Likirudi litakuwa limedanganya, na mwenye kulishika atapata mkosi. Hapo lazima akate.

Walichagua Jumamosi ya mwezi wa tatu, baada ya mvua ya kwanza. Majirani wakaja. Hajarah naye akaja, mke wa mwenye lori pale njia ya Malaba, na sahani ya mandazi kichwani, maana hakuwahi kuingia boma la mjane mikono mitupu. Osborn aliwasili mapema. Alikuwa kando akimalizia kupalilia mihogo.

Oriokot alifika akinuka pombe, na jua bado halijakausha umande.

Mti wa majani mapana ulitishwa vizuri. Oriokot alinguruma, Apio akakumbatia, watoto wakapiga makofi. Hata Oriokot mwenyewe alitabasamu. Wakahamia wa majani membamba.

"Wewe!" Akaupiga teke. "Umekunywa maji ya kaka yangu. Umekula samadi ya ng'ombe wangu. Leo utaiona ahera!"

"Niachie huyu," Apio akasema, shavu lake kwenye gome. "Ni wangu. Atazaa mwakani."

Watu wakacheka. Kicheko kikampanda Oriokot kichwani. Akainua panga mara ya pili.

"Mti wa kaka yangu ni kama mke wa kaka yangu. Majani tele, mimba moja!"

Wengine walicheka, wengine wakatazama chini. Apio akaukumbatia mti kwa nguvu zaidi.

"Niachie huyu. Ni wangu. Atazaa mwakani."

"Na hiyo mimba moja," Oriokot akasema, panga likiwa juu mara ya tatu, "nani ana hakika nayo? Kaka yangu alikuwa Kitale. Labda mtoto aliokotwa stesheni ya Tororo, kama hii miche!"

Hapakuwa na aliyecheka. Apio akaachia mti, akasimama wima, akamtazama shemeji yake usoni. Maneno aliyopaswa kusema aliyajua. Yalikuwa pale, nyuma ya meno. Lakini kumwomba mtu huyu, baada ya neno hili, mbele ya hawa? Mdomo ukagoma.

"Sema, dada!" Hajarah akamhimiza. "Sema basi, yaishe!"

Apio hakusema.

Oriokot mwenyewe alionekana kungoja. Panga lilibaki hewani. Kisha akalishusha kwa nguvu zake zote.

Pigo la kwanza likapasua gome na kurusha vipande vyeupe hadi kwenye sufuria ya chai. La pili likaingia mpaka kiini. Alipiga akiguna, akipiga kama mtu anayepigwa. Kwenye pigo la saba mpeasi ukalia, ukainama, ukaanguka juu ya kamba na mawe yake.

Ndipo Osborn alipotoka kwenye mihogo.

Hakupiga kelele. Alikuja mbio na jembe, na mpini wake ukatua juu ya kifundo cha mkono wa Oriokot. Mfupa ulisikika ukivunjika. Panga likaanguka. Pigo la pili lilimkuta Oriokot sikioni, likachana sikio kama jani, damu ikamwagika shingoni. Akaenda chini, mgongo juu ya matawi ya mpeasi. Mwanamume mmoja alijaribu kumshika Osborn kwa nyuma. Akatupwa kwenye kuni, akabaki pale akishika mbavu. Osborn akaokota panga, akaweka mguu juu ya kifua cha baba yake mdogo.

"Rudia," akasema taratibu. "Rudia habari ya stesheni."

"Osborn!" Apio akaita. "Osborn! Osborn!"

Mara tatu. Akayaona macho yake. Yalikuwa yale ya siku ya mbwa.

Panga likapanda. Apio alikuwa mama wa miaka hamsini na magoti mabovu, lakini siku hiyo alifika. Alimwangukia Oriokot, akamzungushia mikono yote miwili, shavu lake kwenye shingo yenye damu. Panga lilikuwa limeshaanza safari. Osborn alilivuta dakika ya mwisho, likapita bega la mama yake na kufungua nyama chini kidogo ya shingo, urefu wa kidole.

Apio hakulia. Alifumba macho, akasema kwa sauti ile ile aliyosemea mti:

"Niachie huyu. Ni wangu. Atazaa mwakani."

Osborn aliiona damu ya mama yake kwenye chuma. Akaangua kilio kama mnyama, na katika wazimu ule akainua panga tena.

"Niachie huyu," Apio akasema. "Ni wangu. Atazaa mwakani."

Mkono wa Osborn ulikuwa bado juu. Ulikuwa ukingoja kama wa Oriokot ulivyongoja kabla ya pigo la kwanza. Na chini ya kifua chake Apio aliusikia moyo wa shemeji yake ukienda mbio kama wa kuku aliyeshikwa. Jambazi huyu naye alikuwa anaogopa kufa.

"Niachie huyu, mwanangu. Ni wangu. Atazaa mwakani."

La tatu. Osborn alikulia katika boma lile. Tangu mtoto alijua kwamba baada ya la tatu panga hurudi. Mkono ukashuka wenyewe, kabla yeye hajaamua. Akalitupa mihogoni, akapiga magoti kando ya mama yake.

Hajarah alichana kanga yake mpya, hakuuliza ni nani mkosaji. Nusu aliifungia bega la Apio, nusu kifundo cha Oriokot pamoja na vijiti viwili vya mpeasi. Alipotaka kumpeleka Apio kwa mganga wa zahanati, Apio akakataa kuondoka.

"Bado kidogo. Vijiti vya kubebesha vitanyauka."

Kwa mkono mmoja hakuweza kuchongoa. Osborn akachongoa, machozi yakidondokea kisu. Ilihitajika maganda ya mgomba ya kufungia. Kabla mtu hajatumwa, Oriokot aliinuka, akayumba hadi migombani, akarudi na maganda, ameyabeba kwa mkono wa kushoto. Aliushika mti wa majani mapana usitikisike, Osborn akachomeka vijiti vitatu vya yule aliyeanguka, na Apio akawaonyesha namna ya kukaza. Vichwa vya wanaume hao wawili viligusana, na hakuna aliyekirudisha chake nyuma.

Kijiti kimoja kilishika.

Mti haukuzaa mwakani. Wala Oriokot hakubadilika mwakani. Alitukana watu vilevile, ingawa mkono ulipona ukiwa umepinda na hakuweza tena kuinua panga kupita bega. Osborn alikaa miezi minane bila kuja, akituma sukari kwa watu. Kisha akaja.

Mwaka wa tatu nyuki walikuja kwenye maua meupe, na mti ukafunga peasi nne. Moja ilikuwa na funza. Apio aliichuma kubwa, akaikata vipande viwili, akawapa Osborn na Oriokot waliokuwa wamekaa kwenye benchi moja, kila mmoja akitazama kwake.

Oriokot alitafuna kwa muda mrefu.

"Ngumu," akasema. "Kama jiwe la Tororo."

Osborn akacheka kabla hajajizuia.

"Kuleni," Apio akasema.

Wakala.