Ndoo ya Ulezi

Evaline aliapa kwamba mimba hii ya nne hatamwambia mtu mpaka ijitangaze yenyewe. Lakini mumewe, Ramson, hana kifua. Alimpigia mama yake simu, na kesho yake mama mkwe akatua Lizaboni kutoka Mpitimbi na ndoo ya unga wa ulezi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Unywe uji upate nguvu.”

Evaline akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwezi mzima. Alichota unga wa uji, akachota tena, mkono ukagusa kitu laini. Kilikuwa kitambaa cheupe, kipya, kidogo kama leso.

Mama mkwe akainamisha uso. “Nilitaka nikitoe kabla hujakiona. Wale vichanga wako watatu tuliwazika wanawake wenyewe nyuma ya jiko, bila matanga, tena kwa matambara ya kanga kuukuu. Iliniuma. Nikasema, huyu asiende vile.”

Evaline aliitafuta hasira ya kumfukuza mama yule, hakuiona. Alikikung’uta unga kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kabatini, mahali ambapo mkono ungekifikia upesi.