Sumaku za Baba Pacha

Mume wangu, Baba Pacha, ni fundi wa kusuka mota kwenye mitambo ya maji, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Lakini alipoingiwa na wazo la sumaku, nilijua nyumba imepata mke wa pili. Aling'oa sumaku kwenye kila spika mbovu aliyoiona, akazipanga kwenye ringi la baiskeli, akalifunga kwenye ukuta wa plaiwudi unaotenga karakana yake na chumba changu cha kushonea. Alisema zikikaa pembe inayotakiwa zitasukumana zenyewe, gurudumu litazunguka daima, nasi tutapata umeme wa bure.

"Bila hata mafuta?" nikamuuliza.

"Bila hata jasho, Mama Pacha."

Nilicheka, maana sijaona kitu cha nyumba hii kinachokwenda bila jasho.

Basi siku moja likazunguka kweli. Nilikuwa nashona sare za shule, nikasikia ukelele upande wa pili, nikatupa kitambaa nikakimbia. Nilipofika lilikuwa linasitasita, mara likasimama. Ikawa ndiyo kawaida yetu: akipiga kelele nakimbia, nikifika limekufa.

"Una gundu wewe," akanitania. "Kaa kwako ushone!"

Nikakaa kwangu nikashona, nalo likazunguka asubuhi nzima. Mwenzangu meno yote nje. Akawaalika mafundi wenzake waje Jumamosi kulitazama, akaniambia Jumatatu anaaga kazini.

Ijumaa uzi wangu ulikuwa unakatika ovyo. Kila nilipoinua miguu kwenye kikanyagio cha cherehani nitunge sindano, nilimsikia akiguna, "Limekuwaje tena?" Nikikanyaga, anamshukuru Mungu. Nikaacha makusudi. Akaguna. Nikakanyaga. Akashukuru. Nikainama kutazama gurudumu la chuma la cherehani yangu, linalopita karibu kabisa na plaiwudi, mgongo kwa mgongo na lake. Sumaku zake zilikuwa zinafuata chuma changu.

Niliogopa, sifichi. Tangu amzike kaka yake sikuwa nimemsikia akipiga mluzi, na wiki ile aliupiga mpaka akatuchosha. Nikinyamaza, mluzi utabaki, lakini Jumatatu atamwaga unga wake kwa mikono yake mwenyewe. Nikapiga moyo konde, nikamwita kupitia ukutani.

"Baba Pacha, litazame vizuri. Nakanyaga, unaona? Haya, sasa naacha."

Nikakanyaga tena, nikaacha tena. Nikajiandaa kugombezwa, na jibu langu nilikuwa nalo tayari, tena kali.

Akaja upande wangu, akachuchumaa. Aligusa chuma, akatikisa kichwa, kisha macho yake yakahamia kwenye miguu yangu iliyovimba vifundoni.

"Kumbe unakanyaga hivi kutwa?"

"Ulidhani sare zinajishona?"

Akacheka mpaka akashika meza ya cherehani asianguke. Alipotulia alisema, "Asante, mke wangu. Sijawahi kukwambia." Lile jibu kali likanipotea. Nikalia, tena si kwa uchungu. Nilishukuru kwamba nimeolewa na mtu anayeweza kuanguka kutoka juu vile na bado akaona miguu ya mwenzake.

Jumamosi mafundi walifika, wakajipanga karakanani wakisubiri maajabu. Mimi nilikuwa kwangu, mguu juu ya kikanyagio, tayari kumsitiri mume wangu asiaibike. Angekohoa tu, ningekanyaga.

Hakukohoa. Aliwatoa wote kule, akawaleta chumbani kwangu, wakabanana mlangoni na mabuti yao.

"Jumatatu nipo kazini kama kawaida," akawaambia. "Gurudumu langu linazungushwa na huyu, na si hilo tu. Nguvu ya nyumba hii ndiyo hii hapa, wala si ya bure. Msalimieni."

Wakanisalimu mmoja mmoja, kwa adabu. Nikawaitikia huku nashona, maana sare zilitakiwa siku hiyo hiyo.