Nyumba Nyuma ya Ukuta wa Kushoto

Umeiona. Usiniambie hukuiona. Kila siku unakata kona pale kwenye kituo cha mafuta, unaingia Mtaa wa Cutler, na ukifika penye viwanja viwili vilivyobaki kifusi, ghafla redio ya gari lako inataka kurekebishwa. Unainamisha kichwa. Ukikiinua, umeshaipita nyumba ya dada yangu. Nakaa barazani kwake na kahawa yangu nikiwatazama mnavyofanya hivyo mmoja baada ya mwingine, watu niliosoma nao, watu niliofanya nao kazi kiwanda cha vioo mpaka kilipofungwa. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi natazama tu.

Basi nitasimulia mimi, kwa kuwa mji huu wa Wendle una ugonjwa wa kusahau, na mimi haujanipata.

Nyumba ya Luella iko nyuma ya ukuta wa kushoto wa uwanja wa besiboli. Mpigaji akiupata mpira sawasawa, unaruka ukuta na kutua kwenye paa lake, au kwenye nyanya zake. Kila msimu ukianza alipigilia mbao kwenye madirisha ya upande huo, msimu ukiisha anazibandua. Majirani zake walifanya vivyo hivyo, na sikumbuki hata mmoja aliyelalamika. Wendle, ukilalamika kwamba mpira umevunja kioo chako, watu wanakuuliza kama umehamia jana.

Timu zilikuja, zikaondoka. Timu ya Wasaga Unga ilikuja nikiwa bado na nywele. Baada yao wakaja Wachimba Makaa, ambao mwenye timu aliwatoroka katikati ya msimu. Wachezaji waliamka asubuhi hawana timu, na watatu kati yao walikuwa wamelala kwa Luella. Hizi si zile timu za kwenye televisheni. Ligi hizi ni huru, maana yake hazina baba tajiri. Wachezaji ni vijana walioachwa na timu kubwa na bado hawajakubali kwamba wameachwa, na malipo yao hayatoshi kupanga hata chumba kimoja. Kwa hiyo kila mji wenye timu kama hizi una desturi yake: familia zinawachukua vijana bure. Unampa kitanda, unampa chakula, unamfulia jezi. Luella hakuzaa, lakini ukutani kwake kuna picha za harusi za wanaume kutoka Jamhuri ya Dominika, Texas na Australia, na wote wanamwita Mama Lu.

Mwaka jana, theluji ilipoanza kuyeyuka, ligi moja ikatangaza inataka kupanuka. Ilitafuta miji midogo miwili. Meya wetu, Trudy Halvorsen, akashikwa na homa. Yakaja mabango, na mashindano ya watoto ya kuchagua jina la timu tusiyokuwa nayo. Nikasimama kwenye mkutano wa mji.

"Bibi Meya, zile mbili za kwanza ziliondoka kwa nini?"

"Orrin, mzee wangu," akasema, "wewe ungekuwepo siku za Nuhu ungesema safina inavuja."

Ukumbi ukacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, ilikuwa nzuri.

"Sawa. Sasa nijibu."

"Nyakati zimebadilika."

"Watu wamepungua, hicho ndicho kilichobadilika. Nani atajaza viti?"

"Kaa chini, Orrin!" mtu akapaza sauti nyuma. "Tunataka mpira, hatutaki mahubiri!" Alikuwa Burl Sipes, jirani wa dada yangu, ukuta kwa ukuta.

Nikakaa.

Ligi ikamtuma mkaguzi aje kuuona uwanja, kijana mmoja mpole, Desmond Kehoe. Alikuwa alale motelini, kule barabara kuu. Luella aliposikia hivyo, uso ulimbadilika kama katukanwa.

"Mtu wa besiboli alale motelini? Hapa Wendle? Watatuonaje?"

"Lu, huyo si mchezaji. Ni mkaguzi."

"Anakula, hali?"

"Nadhani anakula."

"Basi yaishe."

Akalala chumba cha juu, kile cha vijana. Luella akampondea nyama ya nguruwe mpaka ikawa pana kama sahani, akaikaanga, akaiweka kwenye mkate ambao haukuweza hata kuifunika.

"Mama, hii imezidi glavu ya mdakaji," Kehoe akasema.

"Kula, mwanangu. Nyumba hii haijamtoa mtu na njaa."

Asubuhi akatoka na futikamba ndefu, akahitaji mtu wa kumshikia ncha. Luella alikuwa anaosha vyombo. Alikausha mikono kwa aproni, akatoka na kuishika ile ncha, akaibana kwenye ukuta wa jiko lake mwenyewe. Kehoe akarudi kinyumenyume kuelekea uwanjani.

"Hapo hapo, mama! Usiachie!"

"Siachii! Nimeanika mashuka kwenye upepo wa Machi miaka yote hii, nitashindwa na kakamba haka?"

Nilikuwa nimekaa ngazini na mkate wangu. Nikamuuliza yule kijana anapima nini.

"Nafasi tu, mzee."

"Nafasi ya nini?"

"Nafasi, Orrin," dada yangu akajibu kwa niaba yake. "Mwache mtu afanye kazi yake."

Kichwani mwake alishaamua kwamba wanataka kuweka wavu mrefu, mipira isimfikie tena. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, kwa sababu mtu uliyempa kitanda na kumlisha hapimi nyumba yako ili ibomolewe. Alimtazama Kehoe kama alivyowatazama vijana wote waliopita chumba kile cha juu.

Mkutano uliofuata, meya akauliza ukumbi: nani anaitaka timu? Watu wakasimama wakipiga makofi. Luella akasimama. Burl alikuwa amesimama kabla swali halijaisha. Watu wakiwa bado wima, meya akafunua ramani. Ukuta wa kushoto uko karibu mno kwa kanuni za ligi, alisema. Lazima urudishwe nyuma. Nyumba tatu za Mtaa wa Cutler zitapisha, kwa faida ya umma, na wenyewe watalipwa.

"Zipi?" Burl akauliza. "Hizo tatu ni zipi?"

Ramani ilikuwa mbele yake. Alibaki amesimama muda mrefu, wenzake wameshakaa. Baraza la mji likapitisha azimio la kuzibomoa.

Nyumba yake ilibomolewa asubuhi moja. Sasa anaishi Evansville, chini ya ardhi, kwenye chumba cha mashine ya kufulia nyumbani kwa binti yake. Ya pili ilifuata. Ya Luella iliachwa ya mwisho, kwa sababu bomba la gesi la mtaa mzima linapita chini ya ua wake na kampuni ilichelewa kulihamisha. Katika kuchelewa huko, ligi ikatangaza miji yake miwili. Sisi hatukuwamo. Niliisikia kwenye redio nikiwa kwa kinyozi. Kinyozi aliizima, akaendelea kukata.

Siku hiyo Luella hakubanduka kando ya simu. Kehoe hakupiga.

Nikaenda kwa meya.

"Basi imekwisha," nikamwambia. "Futeni lile azimio, mwacheni mama wa watu."

"Ligi itapanuka tena, Orrin. Safari hii tulikuwa wa tatu. Wa tatu!"

"Kati ya miji mingapi?"

"Usianze."

"Mingapi, Trudy?"

"Minne."

"Kwa hiyo ukuta unasogezwa kwa ajili ya timu gani?"

"Ya safari ijayo. Huwezi kumwalika mgeni nyumba haijafagiwa."

"Unachokifagia ni dada yangu."

Akaangalia dirishani. Nakumbuka kuna nzi alikuwa anatembea kwenye kioo, nami nikamtazama huyo nzi mpaka nikaona nimekaa mno, nikaondoka.

Nilimkuta Luella jikoni anafunga vikombe kwa magazeti. Mbao za madirisha alizozipigilia akitarajia timu alikuwa hajazibandua, ingawa msimu hakuna, na mchana ule jiko lilikuwa na giza. Picha za wale wanaume alishaziteremsha. Ukutani palibaki miraba ya rangi nyeupe zaidi.

"Lu, baraza linakaa tena. Njoo useme."

"Niseme nini? Nilisimama na wenzangu nikapiga makofi."

"Walikudanganya."

"Hakuna aliyeniambia neno. Nilishika ncha ya futikamba, Orrin. Niliishika vizuri, haikutetereka hata kidogo."

"Huna hasira?"

Alifikiria, kwa kweli alifikiria, kikombe kikiwa mkononi. "Ningependa kuwa nayo," akasema. "Unalitaka lile kaango kubwa?"

Nikalichukua. Sikujua nifanye nini kingine.

Ana miaka sabini na mmoja. Hana mtoto wa kumwekea kitanda chini ya ardhi. Nimempa chumba changu, akasema asante, akaendelea kufunga vikombe. Sijui kama alinisikia.

Haya, wewe. Baraza lina madiwani watano. Wawili wameniambia wako tayari kulifuta azimio wakiona ukumbi umejaa. Anahitajika wa tatu, na wa tatu huyo ni diwani wa mtaa wako, anayeogopa kura yako kuliko anavyoiogopa hasira yangu. Bomba la gesi limeshahamishwa, na mtambo wa kubomoa unaletwa kesho asubuhi. Kikao ni leo, saa kumi na mbili jioni. Sikuombi umhurumie dada yangu. Huruma yenu imeshapita Mtaa wa Cutler mara nyingi bila kusimama. Nakutaka wewe, mwili wako, ndani ya ukumbi ule. Usingoje uone nani mwingine anakwenda. Mpigie diwani wako sasa hivi, umwambie alifute. Kisha vaa viatu uje.